Shahada ya Mambo ya Nje, Kazi ya Nyumbani

 

Mwezi wa Februari mwaka 2025, wakuu wa kundi la wapiganaji la RSF kutoka Sudan walikutana Nairobi na vyama vinavyowaunga mkono, wakatia saini hati ya kuunda serikali yao kando na ile inayoongozwa na jeshi. Serikali ya jeshi ilighadhabika. Ikamwita nyumbani balozi wake aliyekuwa Nairobi, na ilipofika Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya kuingia Sudan. Bidhaa kubwa tuliyokuwa tukiwauzia Wasudani ilikuwa chai. Basi jambo lililofanyika katika ukumbi wa mikutano Nairobi, baina ya watu ambao mkulima wa Nyamira hajawahi kuwaona wala kuwasikia, likaingia moja kwa moja kwenye majani anayoyachuma asubuhi na umande.

Siku hizo nilitega sikio nimsikie mtu wa kwetu Gusii akiwaeleza wakulima wa Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo kilichotokea. Nilisikia wanasiasa wakilaumiana. Nilisikia wakulima wakishuku mizani. Lakini mtu wa kukaa nao kwenye kituo cha kununua chai akawaambia Sudan ni nani katika biashara yetu, hununua chai ya aina gani, na ikifunga mlango chai hiyo itaelekezwa wapi na bei itafanyaje, huyo sikumsikia.

Na vijana waliosomea mambo hayo hayo tunao. Kila mwaka wanavaa joho: shahada ya uhusiano wa kimataifa, shahada ya udiplomasia, shahada ya sera za umma. Wengine wametoka Nairobi, wengine Maseno, wengine USIU, wengine wamevuka mpaka wakasoma Uganda. Wamerudi Keroka, Ogembo, Manga na Nyamaiya, bahasha ya vyeti iko juu ya kabati, na kijijini watu wamekwisha kuwabandika jina la Balozi. Penye miti hapana wajenzi.

Vijana hao huniandikia. Swali lao ni moja hata likija kwa maneno tofauti: nimesomea mambo ya nje, sasa niende wapi? Wazazi wao nao huniandikia, na barua za wazazi ndizo zinazouma. Baba ameuza ng'ombe. Mama amekodisha majani yake ya chai kwa jirani ili karo ipatikane, maana yake ni kwamba kwa muda huo wote anayatazama majani yake yakichumwa na mtu mwingine. Kisha mtoto amehitimu, mkopo wa masomo wa HELB unamngoja, na kazi haionekani. Swali kama hilo halifai kujibiwa kwa maneno ya kutia moyo tu, kwa hiyo leo nataka nilijibu kwa mambo yanayoshikika.

Tuanze na ubalozi, maana ndio ndoto iliyowapeleka wengi darasani. Wizara ya Mambo ya Nje huajiri maafisa wake wa kazi kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, yaani PSC. Nafasi zikitangazwa waombaji huwa wengi mno na wanaoitwa ni wachache. Aliyebahatika huanzia chini, huketi kwenye dawati Nairobi akijifunza kuandika taarifa na kuandaa safari za wakubwa, kabla ya kutumwa nje. Kenya ina ofisi za ubalozi zaidi ya 60 duniani, na nyingi kati ya hizo ni ofisi ndogo zenye maafisa wa kuhesabika. Balozi mwenyewe huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, ndivyo Katiba ya 2010 inavyosema, kwa hiyo aliyeanzia chini hana hakika ya kufika huko hata akitumikia miaka thelathini. Sisemi usiombe. Omba kila zinapotangazwa. Na PSC ina mpango wa uanagenzi wa mwaka mmoja kwa wahitimu, wenye posho, huo usikupite.

Ndoto ya pili ni Gigiri, Nairobi, yaliko makao ya Umoja wa Mataifa, yaani UN. UNEP ilianzishwa mwaka 1972 na makao yake yakawa Nairobi, UN-Habitat ikafuata mwaka 1978, na leo pale Gigiri kuna mji mzima wa mashirika. Ila kuna mambo ambayo chuoni hamkuambiwa. Kazi za UN si za namna moja. Ziko za kimataifa, ambapo nafasi moja hugombewa na watu wa dunia nzima, na ziko za watu wanaoajiriwa hapa hapa nchini, wakiwemo maafisa wa kitaifa na wafanyakazi wa huduma za jumla. Kijana Mkenya anayeanza ana nafasi nzuri zaidi katika mlango huu wa pili, na wengi wanaupuuza kwa sababu hauna sifa ya kupanda ndege. Kuna pia mtihani wa UN wa wataalamu vijana, unaojulikana kwa herufi YPP. Unawataka watu wasiozidi umri wa miaka 32, na kila mwaka ni kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha ya mwaka huo pekee. Kabla hujakesha ukijisomea, hakikisha Kenya imo.

Halafu kuna uanagenzi. Katika Sekretarieti ya UN mwanagenzi halipwi mshahara. Mtoto wa mtu mwenye nyumba Nairobi anaweza kufanya kazi ya bure kwa miezi kadhaa. Mtoto wa Gesima au Nyamache atalala wapi, atakula nini, nauli ya kila asubuhi itatoka wapi? Nasema hili kwa uchungu kwa sababu mashirika yanayohubiri usawa yameweka kizingiti ambacho maskini hawezi kukiruka. Wabunge wetu na hazina za basari zinaweza kusaidia hapo: badala ya kumlipia mtu muhula wa kwanza na kumsahau, basari moja iwe ya kumlaza na kumlisha mhitimu mmoja Nairobi kwa miezi sita ya uanagenzi. Ni fedha kidogo ukilinganisha na zile za kumsomesha miaka minne.

Na msikilizaji, tafadhali shika hili: UN haimtozi mwombaji kazi ada yoyote, katika hatua yoyote. Anayekutumia ujumbe wa simu akikudai elfu tano za kufungua faili au elfu kumi za mahojiano ni mwizi. Mwambie mzazi wako pia, kwa sababu mara nyingi anayetuma hizo pesa ni mzazi.

Mlango wa tatu ulikuwa mashirika ya misaada, na huo ndio uliowaajiri vijana wengi zaidi wa kwetu kwa miaka mingi, katika miradi ya UKIMWI, ya lishe, ya wasichana, ya utawala bora. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na ilipofika Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Miradi ilizimwa katikati ya wiki. Watu waliokuwa na mkataba, gari na ofisi walirudi nyumbani na sanduku la vitabu. UN nayo imebanwa na ukosefu wa fedha, inapunguza nafasi, ingawa imetangaza pia mipango ya kuhamishia Nairobi baadhi ya ofisi zilizokuwa New York. Kwa hiyo kijana anayehitimu leo anakutana na soko ambalo kaka yake aliyehitimu mwaka 2015 hakulijua.

Sasa nieleze ninaloliamini. Kijana wetu anachagua mwajiri kwanza: UN, ubalozi, Benki ya Dunia. Anatuma barua za maombi mia, zote zinasema yeye ana bidii na anapenda kufanya kazi na watu. Mwajiri anaposoma haoni anachokijua. Mimi ninasema chagua jambo kwanza. Jambo moja. Lijue mpaka mtu akilitaja Kisii, wanasema kamuulize fulani. Mwajiri atakuja nyuma ya jambo.

Tazama watu wa Gusii waliofika mbali. Tumetoa mawaziri wa Mambo ya Nje, na hapa nitawataja wawili. Zachary Onyonka alishika wizara hiyo mwaka 1987 hadi 1988. Alikuwa mwanauchumi, mwenye shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse kule Marekani, kabla hajawa mbunge. Profesa Sam Ongeri aliishika mwaka 2012 hadi 2013, naye ni daktari wa watoto. Profesa Bitange Ndemo alikuwa Katibu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009. Baadaye akatumwa Brussels kuwa balozi wetu Ubelgiji na katika Umoja wa Ulaya. Huyu alijulikana kwa teknolojia kabla ya kujulikana kwa udiplomasia. Na mchongaji Elkana Ong'esa, sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO Paris. Aliingia mlango ule kwa patasi na jiwe la kwetu. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kusema, mimi ni mtu wa mambo ya nje, niajirini.

Utaniuliza, jambo lenyewe nilitoe wapi? Liko mlangoni kwako. Nitakaa kwenye chai kwa muda, kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayolisha nyumba nyingi Nyamira na sehemu kubwa ya Kisii.

Nenda kituo cha kununua chai mchana. Utawakuta akina mama wamefika na magunia ya nailoni, majani yamemwagwa juu ya meza, mkaguzi anapitisha mkono akitafuta jani gumu, kwa sababu kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Gunia linatundikwa kwenye mizani. Mashine ndogo inatoa risiti yenye namba ya mkulima na kilo zake. Mama anaikunja mara mbili, anaifunga kwenye ncha ya leso. Anajua kilo zake vizuri sana. Asichokijua ni kwa nini bonasi ya huku kwetu, magharibi ya Bonde la Ufa, huwa ndogo kuliko ya wenzake wa mashariki, mwaka baada ya mwaka, na kila inapotangazwa hasira inapanda upya.

Sehemu ya jibu iko kiwandani na mashambani, sitaki kudanganya. Lakini sehemu nyingine iko mbali. Pakistan ndiyo mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote. Mwaka 2022 iliishiwa dola kiasi kwamba mwezi Juni waziri wao wa mipango, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, kwa kuwa taifa lilikuwa likikopa ili kuiagiza. Msikilizaji, hebu fikiri: waziri wa Islamabad anaomba watu wake wanywe chai kidogo, na anayepunguziwa kipato ni mama wa Tombe.

Kipindi hicho hicho hapa kwetu kulikuwa na bei ya chini iliyowekwa mnadani Mombasa tangu mwaka 2021, dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa njema: mkulima asinyonywe. Wanunuzi wakasema basi, tutanunua penye nafuu. Mamilioni ya kilo yakalala maghalani bila mnunuzi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa chai za magharibi ya Bonde la Ufa, yaani zetu. Hatimaye bei hiyo ikaondolewa. Hilo lilikuwa suala la sera za kimataifa tangu mwanzo hadi mwisho: ushindani wa nchi na nchi, thamani ya sarafu, uhusiano na mnunuzi mmoja mkubwa mno. Liliamuliwa bila sauti ya mtaalamu kijana kutoka Kisii au Nyamira, kwa sababu hatukuwa naye, au tulikuwa naye amekaa nyumbani akingoja kuitwa Gigiri.

Kijana anayelijua jambo hili ana pa kwenda. Kuna madalali na makampuni ya mnada Mombasa, chini ya chama cha biashara ya chai cha Afrika Mashariki. Kuna Bodi ya Chai, iliyorudishwa na Sheria ya Chai ya 2020. Kuna wakala wa kukuza bidhaa za Kenya nje, KEPROBA. Kuna idara ya biashara serikalini inayokaa kwenye meza za mazungumzo. Kuna Arusha, kwenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ingawa huko nafasi hugawanywa kwa mgao wa nchi na wanachama hukawia kulipa michango yao. Kuna Accra, iliko sekretarieti ya eneo huru la biashara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kigali Machi 2018 na biashara yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Ofisi zote hizi zina watu wengi wa kusema kuhusu biashara kwa jumla. Anayeweza kusema kuhusu chai ya wakulima wadogo, kwa takwimu za miaka kumi na kwa majina ya wanunuzi, ni adimu.

Taarifa za mnada hutoka kila wiki. Kijana, zisome kwa mwaka mmoja. Tengeneza jedwali lako mwenyewe kwenye duka la intaneti, saiba, pale Nyamira. Andika ukurasa mmoja kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, uwape wakurugenzi wa kiwanda chenu na utuletee hapa redioni tuusome. Huo ukurasa utakufaa zaidi ya barua mia za maombi, nakuahidi, kwa sababu siku ya mahojiano utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Kama chai haikuvuti, liko jambo la watu wetu walio ng'ambo. Hakuna asiyejua kwamba Minnesota ina Wagusii wengi. Kuna harusi na matanga yanayoendeshwa kule kwa Ekegusii mwanzo hadi mwisho. Wengi ni wauguzi na walezi wa wazee. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, na nusu hivi ya fedha hizo ilitoka Marekani. Nyumba za mawe unazoziona ukielekea Suneka au Nyanchwa, nyingine zimejengwa kwa zamu za usiku za huko.

Uhamiaji wa kazi una sheria na mikataba yake. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu wahudumu wa afya. Septemba 2024 tukatia saini na Ujerumani mkataba wa uhamiaji na ajira. Kuna mapatano na nchi za Ghuba pia, na huko ndiko kwenye machozi. Nimekaa na familia iliyokuwa ikimtafuta binti yao aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani huko. Simu ilikuwa imezimwa kwa majuma. Walikuwa na nakala ya pasipoti, jina la wakala na namba ambayo haipokewi. Mzee wa nyumba aliniuliza, mwanangu, mtu hugonga mlango gani? Hawakujua kuwa kuna Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, hawakujua kuwa wakala lazima awe na kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, hawakujua wapi pa kukiangalia kibali hicho kabla binti hajaondoka. Na kutoka hapo nyumbani kwao hadi Kisii mjini ni mwendo wa matatu moja tu.

Kijana aliyesomea uhusiano wa kimataifa anayajua haya, au anaweza kuyajua kwa wiki mbili za kusoma. Hebu niambie kwa nini kusiwe na dawati moja pale Kisii, karibu na watu wanaopiga foleni ya pasipoti, la kumsomea mtu mkataba wake kabla hajaweka kidole. Anayefanya kazi hiyo miaka miwili, akaandika kila kesi, akazipanga, huyo shirika la uhamiaji la IOM litamtaka. Wizara itamtaka. Vyama vya wafanyakazi vitamtaka. Na hata wasipomtaka, kuna msichana ambaye hatapotea.

Mengine nitayapitia haraka. Mto Gucha unaanzia milima ya Nyamira, unakatiza Gusii, unaungana na Migori na kuingia Ziwa Victoria. Kutoka ziwani maji ni ya Mto Nile. Tukipanda mikaratusi kando ya chemchemi ili tupate kuni za kuuza viwandani, tumegusa maji ya mkataba wa mataifa. Mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Nile, ambao Kenya ilitia saini mwaka 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024, huku Misri ikiupinga. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake yako Kisumu. Si Geneva, ni Kisumu. Unakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Mabadiliko ya tabianchi nayo yameshuka hadi kwenye wodi. Kuna mpango uitwao FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na nchi kama Ujerumani, Denmark na Sweden, ambao fedha zake hupitia serikali za kaunti na kamati za mipango za wodi. Kamati hizo zinahitaji mtu anayeweza kuandika pendekezo linaloeleweka na mkulima na mfadhili kwa pamoja. Kazi hiyo haina ukubwa wa cheo, lakini ni shule ambayo hakuna chuo kinaitoa.

Na parachichi. Tangu mwaka 2022 China inanunua maparachichi yetu yakiwa mabichi, kwa masharti makali ya afya ya mimea. Mkataba wetu wa biashara na Umoja wa Ulaya unatumika tangu tarehe 1 Julai 2024. Lakini nenda Nyansiongo au Marani msimu ukifika: broka anahesabu matunda moja moja, anataja bei yake, anapakia na kuondoka. Mkataba wa Brussels haumfikii mkulima kwa sababu hakuna aliyeushusha hadi shambani, akaunda kikundi, akaita wakaguzi wa afya ya mimea wa KEPHIS, akapanga vyeti. Umoja wa Ulaya umetunga pia sheria mpya ya bidhaa zisizotokana na kukata misitu, na kahawa imo. Gusii tumelima kahawa tangu miaka ya 1930, tukiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kuruhusiwa kuilima. Sheria hiyo inadai alama za mahali pa kila shamba. Ni nani anayezipima alama hizo kwa vyama vyetu vya ushirika? Hapo pana kazi.

Nikiombwa shauri moja la masomo, nitasema lugha. Kifaransa kinakufungulia Kongo, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2022, na Geneva, na Umoja wa Afrika. Kiarabu kinakufungulia Sudan, Misri na Ghuba, yaani wanunuzi wa chai yetu na waajiri wa dada zetu. Siwajui vijana wengi wa kwetu waliojifunza Kiarabu kwa ajili ya biashara, na kwangu hilo ni pengo kubwa. Kiswahili nacho usikione kidogo. Kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022, na wafasiri na wakalimani wazuri wa Kiswahili hawatoshi. Anayekisema vizuri lakini hawezi kukiandika bila kuchanganya, ajinoe.

Sasa nigeukie serikali zetu mbili za kaunti, maana lawama zote zisimwangukie kijana. Katiba inaiachia serikali ya kitaifa mambo ya nje, hilo najua. Lakini imezipa kaunti kilimo, na kilimo chetu kinauzwa nje. Kisii na Nyamira zinaweza kushirikiana, hata kupitia umoja wa kaunti za ukanda wa ziwa, zikaajiri vijana wanne au watano wa kufuatilia masoko, mikataba na uhamiaji wa watu wetu, na kutoa taarifa kwa wakulima kila mwezi. Tunaona misafara ya viongozi kwenda nje kutafuta wawekezaji. Sina ugomvi na safari. Nataka ndani ya msafara awemo kijana mmoja aliyesomea kazi hiyo, arudi na taarifa iliyoandikwa, na taarifa hiyo iwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma.

Mipango ya maendeleo ya kaunti ya sasa ni ya mwaka 2023 hadi 2027. Inayofuata itaandaliwa, na sheria inataka wananchi waulizwe maoni yao. Kwenye mikutano hiyo ya wodi watu huomba barabara, maji na taa, na ni haki yao. Vijana wa uhusiano wa kimataifa, nendeni na ombi la maandishi la dawati la masoko ya nje na uhamiaji wa kazi. Lisizidi kurasa mbili. Andikeni gharama yake, andikeni litafanya nini mwaka wa kwanza, wekeni majina yenu na wodi zenu, na mmoja wenu asimame alisome kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa. Nakala nyingine mnitumie hapa redioni, nami nitawaita wahusika wa kaunti zote mbili waje walijibu mkisikia.